Mwaka Ule Boma Liliponingoja

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilipopokea barua ya mama yangu nikaitia katikati ya kitabu cha historia bila kuifungua. Mwanangu, nalitaja kosa hili mwanzo kabisa, usije ukafika katikati ya maneno yangu ukadhani namsema mtu mwingine. Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa kwanza chuo kikuu. Bahasha yenyewe ilikuwa imebandikwa kwa uji, na kuifungua kusingenichukua muda mrefu kuliko kupiga chafya.

Sikuifungua kwa sababu nilikuwa naandika insha.

Sasa wewe unakaribia kuondoka kwenda chuoni, na watu wamekwisha kukuambia mengi. Nunua ndoo yako mwenyewe. Sanduku litie kufuli. Nguo zifue Jumamosi asubuhi kabla foleni ya bomba haijawa ndefu. Usilale na njaa kwa ajili ya kuona haya kwenda kula peke yako. Yote hayo ni kweli, uyashike. Mimi nitakuambia jambo moja tu, ambalo kwa miaka mingi niliona haya kulisema hata mbele ya mama yako.

Lazima kwanza ujue nilivyofika huko. Baba alifariki nikiwa kidato cha nne. Nilimaliza mwaka ule nikarudi nyumbani Asembo, na masomo ya kidato cha tano na sita niliyasoma peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, mchana nikimsaidia mama kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Hapakuwa na mwalimu. Nilikuwa nasoma sura, naifunga, naiandika yote kwa kichwa, kisha naifungua kuona nilipokosea. Nikikosea neno moja naanza upya. Nilifanya mtihani pamoja na watahiniwa wa nje, nikapita, na boma zima likaimba.

Lakini anayejifundisha mwenyewe ana ulemavu mmoja ambao hauonekani. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia, hapa inatosha. Mwalimu hukusahihisha, naam, lakini pia hukuruhusu kuacha. Mimi sikuruhusiwa na mtu, na sikujua kujiruhusu.

Chuo chetu kilikuwa mlimani, nje ya mji wa Kisumu. Nilipofika nikaona kila mtu amefundishwa isipokuwa mimi. Wenzangu walitamka majina ya vitabu kama wanavyotaja majina ya shangazi zao. Nikaingiwa na hofu kwamba siku moja mtu atasimama darasani anioneshe kidole, aseme huyu amekuja hapa kwa bahati. Kwa hiyo nikawa na madaftari mawili kwa kila somo, moja la kuandikia haraka, jingine la kunakilia vizuri kwa wino na rula. Mara nyingine nilikosa somo la Jumatano kwa sababu nilikuwa chumbani nanakili somo la Jumanne. Ukisikia hivyo utacheka. Cheka. Mwenzangu wa chumbani alicheka pia.

Huyo aliitwa Mwangi. Wazazi wake walitoka Murang'a wakahamia Kisumu, wakawa wanauza vitambaa sokoni, na yeye alizaliwa mjini akikijua Kijaluo kuliko baadhi ya Wajaluo. Daktari Wafula, aliyetufundisha historia, alitupa insha juu ya bandari ya Kisumu na reli. Kurasa nane, wiki tatu. Mwangi aliiandika kwa alasiri mbili, akaipeleka, akaenda kucheza mpira. Mimi nikaketi.

"Ouma," akaniambia siku moja akivua viatu vyenye matope, "hiyo ukurasa ya kwanza umeandika mara ngapi?"

"Hii ni ya sita."

"Na ya pili?"

"Bado sijafika."

Akavitupa viatu chini ya kitanda. "Bwana, baba yangu akikata kitambaa hivyo, hii Kisumu yote itatembea uchi."

Nilicheka naye, kisha nikaichana karatasi ya sita nikaanza ya saba.

Katika hali hiyo ndipo barua ilipoletwa. Aliyeileta ni Mama Atieno, jirani yetu wa Asembo, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye njia panda ya Mamboleo. Alimwachia askari wa lango, na askari akanikabidhi nikienda maktaba. Niliutambua mwandiko juu ya bahasha. Ulikuwa wa Adhiambo, binti ya mama yangu mdogo, yaani mke wa pili wa baba. Adhiambo alikuwa darasa la saba na ndiye aliyeandika barua zote za boma letu kwa kuwa mama hakujua kuandika. Nilimfundisha mimi kuzungusha herufi zile.

Kwa nini sikuifungua? Nimejiuliza miaka mingi. Barua ya nyumbani ilikuwa na uzito, ukiifungua unainuka umebeba kitu. Nikajiambia nitaifungua nikimaliza insha, nikiwa na kichwa kitulivu, niisome kwa heshima inayostahili. Unaona ujanja huo? Niliuvisha uzembe nguo ya heshima. Nikajiambia pia, haraka haraka haina baraka. Mwanangu, methali ni kama jembe. Mwenye bidii hulilimia, na mvivu naye anaweza kuliegemea.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana wewe umekua mambo yamebadilika. Katika boma letu kupanda kulikuwa na utaratibu. Baba alikuwa na wake wawili, mama yangu akiwa wa kwanza. Nyumba ya kwanza ilitia mbegu ardhini kabla ya nyumba ya pili, na nyumba ya pili haikuthubutu kutangulia hata punje moja, kwa kuogopa chira, balaa inayomfuata avunjaye mwiko. Baba alipofariki, wazee walikaa wakaamua kwamba mkono wa kwanza kwenye shamba utakuwa wangu, mimi mzaliwa wa kwanza, pamoja na mama. Mwaka uliotangulia nilikuwa nyumbani, nikafanya, na lilikuwa jambo la nusu saa. Mwaka huo wa barua nilikuwa chuoni, safari isiyozidi saa mbili.

Mvua ilianza Ijumaa alasiri. Nilikuwa maktaba. Ilikuja kutoka upande wa ziwa ikipiga mabati kwa kishindo hata huwezi kumsikia aliye karibu nawe, na wanafunzi wakatoka barazani kuitazama, wengine wakinyoosha mikono nje kama watoto. Kesho yake kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi, na wapishi wa chuo waliacha masufuria wakawakimbilia na ndoo. Mimi kalamu ilisimama mkononi. Nikaona shamba letu, matuta yaliyolimwa, mama amesimama mlangoni. Kisha nikainama nikaendelea na aya yangu.

Nilijua. Usiniruhusu kusema kwamba sikujua. Barua nilikuwa sijaisoma, lakini mtoto wa mkulima akisikia mvua ya kwanza hahitaji kusomewa.

Wiki iliyofuata, Jumatano mchana, Mwangi aliniita kutoka dirishani. "Ouma, mama wa samaki amekuja, na leo hana samaki, ana maneno."

Nikashuka. Mama Atieno alikuwa amesimama mbele ya hosteli, beseni tupu kichwani, wavulana wakipita pembeni yake kwa adabu.

"Ouma, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Niko sawa."

"Basi umevunjika mguu."

"Hapana."

"Nauliza tu. Mama yako anasema labda mtoto anaumwa na anaficha. Sasa nimeona na macho yangu. Uko mzima, ni wino tu imekupaka."

"Mwambie nakuja Jumamosi."

"Jumamosi gani? Wasabato wako na hamsini na mbili kwa mwaka."

"Hii inayokuja, mama."

Akalishusha beseni, akaniangalia vizuri. "Barua ulipata?"

"Nilipata."

"Ulisoma?"

"Nilisoma," nikasema.

Nikamtazama usoni na kusema hivyo. Mwanamke ambaye alinibeba mgongoni siku ya mazishi ya babu yangu. Alitikisa kichwa taratibu, akapandisha beseni lake, akaondoka, na mimi nikapanda ngazi kurudi kwenye reli yangu.

Jumamosi niliamka mapema. Nilikuwa nimeshapanga mfuko. Nikasema niisome insha mara moja tu kabla ya kutoka, nikaona sentensi moja haijakaa sawa, nikaketi ukingoni mwa kitanda kuirekebisha, viatu vikiwa miguuni. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa tisa alasiri. Jumamosi ya pili ilikuwa vivyo hivyo, ila safari hiyo sikuvaa hata viatu. Siku ya kupeleka insha nayo ikapita, kwa sababu haikuwa bado nzuri, na nikiwa nimechelewa siku moja nikaona sasa lazima iwe nzuri zaidi ili kulipia siku hiyo, na nikichelewa ya pili ikabidi ilipie mbili. Mtaka yote hukosa yote. Niliijua methali hiyo tangu darasa la nne, ningeweza hata kuiandikia insha.

Hatimaye niliipeleka. Kurasa thelathini na moja. Daktari Wafula alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye darasani hakutumia ila Kiingereza. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mzito, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, na hapo nikajua mambo si ya darasani tena.

"Ni nzuri," alisema.

Moyo wangu ukaruka.

"Ungeniletea nusu ya uzuri huu siku niliyosema, ningekuonyesha pa kutengeneza, na tungekuwa tumefika mbali. Sasa nikuonyeshe nini? Wenzako wameshaenda mbele. Niliomba kurasa nane za unachojua, kijana. Hizi nyingine zote ni za unachoogopa."

 Akaiweka insha mezani.

"Kwenu ni wapi?"

"Asembo, Daktari."

"Mimi ni mtu wa Port Victoria. Kwetu mahindi yamefika gotini. Kwenu yamefika wapi?"

Nikaitazama insha yangu.

"Nimekuuliza mahindi. Sijakuuliza reli."

"Sijui, Daktari."

"Hujui." Alilirudia neno hilo bila ukali wowote, na ningeona afadhali angenifokea. "Basi nenda ujue. Somo langu la kesho utachukua kwa daftari ya mwenzako. Hata likiwa na mwandiko mbaya litasomeka."

Nilifika nyumbani kesho yake saa sita mchana. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mteremko unaoelekea ziwani, na kila shamba nililolipita lilikuwa kijani. Kwa akina fulani mahindi gotini, kwa wengine yamepita goti, maharagwe yanatambaa chini yake. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka kunisalimia, na baada ya salamu hakuna aliyeniuliza la pili. Halafu nikafika kwetu. Mashamba mawili, la nyumba ya kwanza na la nyumba ya pili, yamelimwa vizuri, matuta yamenyooka, na hakuna kitu. Magugu yalikuwa yameanza kuota juu ya matuta. Ukisimama mbali ungedhani boma lile limehamwa.

Mama Adhiambo, huyo mama yangu mdogo, alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake na ungo, anachambua mbegu. Alikuwa akitoa zilizoingiwa na dumuzi. Zilikuwa nyingi upande wa kutupa.

"Mtu wa vitabu amefika," akasema kwa lugha ya nyumbani, mikono yake ikiendelea. "Karibu. Sisi wa nyumba ya pili tunajua kungoja, Ouma. Tuliolewa tukijua. Lakini mvua haikuolewa hapa."

Kisha akaendelea kuchambua. Nimekemewa na watu wakubwa katika maisha yangu, mwanangu. Hakuna neno lililonikaa kama hilo.

 Mama alinipa maji ya kunawa, akaniletea ugali na samaki, akaketi pembeni mpaka nikamaliza. Ndipo akauliza, "Ile barua uliisoma?"

"Niliisoma, mama."

"Basi kwa nini hukutuma neno?"

"Neno gani?"

Alinitazama, na niliona hasa wakati alipoelewa. Akachukua sahani, akatoka nje.

Nilikwenda kwenye simba yangu, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa kwetu hujengewa bomani, nikafungua mfuko, nikatoa kitabu cha historia. Bahasha ilikuwa imelala pale pale. Nikaifungua. Adhiambo alikuwa ameandika kwa mistari iliyonyooka kabisa. Mama anakusalimu. Hatujambo sote. Wazee wamekaa, wamesema kama masomo yamekushika usije, usikose darasa. Baba yako mdogo atashika jembe kwa jina lako. Tunachoomba ni neno lako tu, maana bila ruhusa yako hatuwezi. Andika *anzeni*, mpe Mama Atieno. Ule vizuri. Usisome mpaka ukaumwa macho.

Anzeni. Herufi sita. Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini na moja, na zile nilizochana zilikuwa mara nne ya hizo, na sikuandika herufi sita. Hawakuwa wamenitaka niache masomo. Hawakuwa wamenitaka hata nije. Walikuwa wamenirahisishia kila kitu, wakakaa na mbegu zao mkononi, mvua inanyesha, wananingojea mimi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema wahenga. Lakini siku zote nilidhani tumbo linaloumia ni la anayesita. Siyo. Ni la wengine.

Nilitoka nikamkuta mama nyuma ya nyumba, nikamwambia ukweli wote, hata ule uongo niliomwambia Mama Atieno. Nikaenda kwa Mama Adhiambo nikamwambia pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda umwambie aliyeiandika."

Adhiambo alikuwa anatoka shule, amebeba viatu mkononi ili visichafuke. Nikamsimamisha chini kidogo ya lango, nikamwambia kwamba barua yake niliipokea na sikuifungua. Hakukasirika. Alifikiri, kisha akauliza, "Mwandiko wangu ulikuwa mbaya?"

"Hapana."

"Kwa sababu niliandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na doa."

Hapo ndipo nililia, mwanangu, kijana wa chuo kikuu, kando ya njia, watu wakipita. Niliona nilichomfundisha. Nilimfundisha kuzungusha herufi, na pamoja na herufi nilimpa na ugonjwa wangu.

Kesho yake asubuhi nilishika jembe na mama, tukapanda. Nyumba ya pili wakafuata siku hiyo hiyo, wakikimbia. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema. Mahindi ya majirani yalikuwa yamekwisha kubeba, yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Tulichovuna ni magunzi kama vidole, punje hapa na pale kama meno ya kizee, na mabua tukawapa ng'ombe. Nyumba yetu ilisukuma maisha, mama alikuwa na muhogo kidogo. Nyumba ya pili haikuwa na kitu. Mama Adhiambo alishuka ufukweni kuanika omena za watu kila siku kuanzia alfajiri, na kwa kuwa kazi ilimshinda peke yake, Adhiambo akaacha shule muhula mzima kumsaidia. Akarudia darasa la saba. Wenzake wakamtangulia.

Adhiambo alisoma baadaye, na leo ni mwalimu, unamjua, ndiye shangazi anayekuletea karanga. Hajawahi kunitajia. Lakini kila alipomaliza hatua moja ya masomo, nilihesabu kimoyomoyo kwamba angeimaliza mwaka mmoja mapema. Bado nahesabu. Ile insha, kama unataka kujua, ilipata alama za kawaida tu. Mwangi, kwa alasiri zake mbili, alinipita.

Basi sikia nasaha zangu, na usizisikilize kwa kuwa mimi ni mwema, zisikilize kwa kuwa nimezilipia kwa chakula cha watu.

Kazi ukipewa, siku hiyo hiyo iandike vibaya. Ndiyo, vibaya, kurasa zote, mpaka mwisho. Kisha lala. Kesho yake uisafishe mara moja, na siku yake ikifika ipeleke hata kama moyo unakuambia bado. Moyo wa mtu mwoga utakuambia bado mpaka siku ya kiama. Mwalimu kazi yake ni kuona makosa yako, na wewe ukimficha unamnyima kazi na unajinyima mwalimu. Mficha uchi hazai. Usipoelewa jambo, mwendee ofisini kwake wiki ya kwanza, si ya mwisho. Utashangaa jinsi wanavyofurahi kuulizwa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba Daktari Wafula alikaa ofisini mwake kila Alhamisi mlango wazi akingoja wanafunzi, na karibu hakuna aliyekwenda.

Darasani uende, hata kama daftari lako la jana ni chafu. Tafuta wawili watatu wa kusoma nao, na mmoja wao awe mtu wa kukucheka. Mwenye kukucheka kwa upendo ni dawa. Mimi nilikuwa naye chumba kimoja nikamwona mzembe.

Na neno la nyumbani ulipokee. Siku hizi hawaandiki barua, wanakutumia ujumbe kwenye simu, na najua mnavyofanya: mnauona, mnasema nitajibu nikitulia. Usingoje kutulia. Jibu fupi la leo linashinda jibu zuri la mwezi ujao. Hujui ni nani amekaa na mbegu mkononi kwa ajili ya neno lako. Kama huwezi kwenda sema huwezi, hakuna aibu. Wazee wetu walikuwa na hekima kuliko nilivyowadhania, walikuwa wameshaniandalia njia ya kutokwenda.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usikae na kosa ukilipamba. Lipeleke mapema kwa uliyemkosea, likiwa bado changa. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu hukua, akaja kukaa nyumbani kwako.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe macho yanayoona kosa na mkono unaoweza kuliacha lipite. Akupe walimu wakali na marafiki wacheshi, chakula kisipungue sahanini kwako, usingizi usikukimbie. Baraka ya mama zangu wawili, aliyeko na aliyetangulia, ikufunike kwenda na kurudi.

Mimi siku hizi kazi yangu naiandika mara mbili, sivuki hapo. Hata haya unayoyasoma yana makosa mawili ninayoyaona nikiwa hapa, na nimeyaacha. Na kule bomani wazee walikaa tena baada ya msimu ule, Mama Adhiambo akaitwa aseme mbele yao, akasema. Tangu hapo mvua ya kwanza ikinyesha hatumngoji aliye mbali. Anayetia mbegu kwanza ni yule aliyepo, awe wa nyumba ya kwanza au ya pili, na miaka mingi amekuwa yeye, Mama Adhiambo.